Mzula wangu wa Kilimanjaro, na mwavuli mbovu ulioukamilisha

Mtu akianza kazi ya upagazi Kilimanjaro anapewa ushauri mwingi kuhusu viatu na ushauri mmoja tu kuhusu kichwa: "Vaa mzula mzito." Basi, imeisha. Nimeusikia kwa wapagazi wa siku nyingi, kwa wapishi, hata kwa viongozi wa misafara. Ni ushauri mbovu, na kwa anayebeba unaweza kuwa wa hatari. Naandika haya kwa ajili ya wadogo zangu, hasa wasichana, wanaokuja geti la Machame kutafuta kazi wakiwa na kamzula ka mtaani na moyo wa kupanda.

Kichwa cha mpagazi si kichwa cha mtalii. Mtalii akisikia joto anasimama, anavua kofia, anaitia mfukoni, anaendelea. Wewe umepima mzigo wako getini, kilo 20, umeukalisha juu ya ngata, na mkono mmoja umeushikilia. Huwezi kusimama kila mawingu yanapobadilika. Na yanabadilika kweli. Geti la Machame liko kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, kambi ya kwanza inakaribia mita 3,000, na njia nzima ni msitu wa mvua. Kesho yake unatoka kwenye miti, unaingia kwenye jua la uwanda wa Shira ambalo linachoma huku hewa ikiwa baridi. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopungua ya kuchuja mionzi, kwa hiyo masikio na shingo vinaungua bila wewe kusikia joto. Mchana upepo, jioni ukungu, usiku barafu juu ya hema. Kitu unachovaa kichwani lazima kigeuke mara nyingi kwa siku, kwa mkono mmoja, mzigo ukiwa palepale utosini.

Mimi nilifundishwa kwanza na mzee mmoja tunayemheshimu sana kazini. Aliniambia, "Mwanangu, huku chini ni mvua tu. Chukua mzula wa pamba, juu yake funga nailoni, ngata iweke juu ya nailoni. Sisi tumebeba hivyo tangu hujazaliwa." Nikasema ndiyo baba, nikafanya neno kwa neno. Nilikata kipande cha karatasi la nailoni, lile zito la kufunikia mizigo, nikakifunga kisogoni kwa kamba.

Saa ya kwanza nilijiona nimepata siri ya mlima. Mvua ilinyesha, mimi mkavu, wenzangu wanafuta maji machoni. Saa ya pili nikaanza kusikia kitu kinatiririka nyuma ya masikio. Nikadhani nailoni imetoboka. Haikuwa imetoboka. Lilikuwa jasho langu mwenyewe. Ukipanda na kilo 20 kichwa kinatoa jasho kama chungu kilichofunikwa, na nailoni hairuhusu hata chembe ya mvuke itoke. Pamba ikanyonya yote. Kufika nusu ya njia mzula ulikuwa umelowa kuliko wa wenzangu waliopigwa na mvua yenyewe.

Hilo bado lingevumilika. Kilichonitia hofu ni ngata. Nailoni ikilowa inateleza, na ngata juu yake haina cha kushika. Tulikuwa kwenye zile ngazi za magogo, mizizi imejaa utelezi, nikainua mguu wa kulia na mzigo wote ukaondoka. Ulikuwa mfuko wa hema la kulia chakula. Ulikuja mbele, ukanifunika macho, shingo ikapinda. Kaka aliyekuwa nyuma yangu aliruka akaudaka kwa mikono miwili akipiga kelele, "Simama hapohapo dada, usisogee!" Nikasimama. Bila yeye sijui ningeamkia wapi.

Kambini jua likazama na ile pamba iliyolowa ikawa baridi kichwani papo hapo. Pamba haina msaada wowote ikishalowa. Mpishi alinipa chai ya tangawizi na taulo, nikajikausha nikitetemeka meno. Na yule mzee, nilipomweleza, alijibu kwamba sikufunga vizuri. Mpaka leo jibu hilo linanikera. Nilifunga vizuri sana. Nailoni haifai chini ya ngata, hata ukiifunga kwa waya.

Baadaye nikapewa nafasi ya kuwasindikiza wageni hadi kileleni, kazi ambayo wapagazi wengi hawaipati; wengi hubaki Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele. Hapo ushauri ukaja wa upande wa pili: kodi kininja kizito, kile cha kufunika uso wote, kwa sababu nusu ya joto la mwili hupotelea kichwani. Hili la nusu ya joto linasemwa na kila mtu, wageni kwa wenyeji. Si kweli. Kichwa ni takriban sehemu ya kumi ya mwili, na kinapoteza joto karibu kwa kiasi hicho hicho. Kinachosumbua ni uso, kwa sababu uso unahisi baridi kuliko sehemu nyingine na ndio uliobaki wazi. Upepo nao ni jambo zito. Hewa ikiwa nyuzi 10 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 40 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoa kana kwamba ni nyuzi 21 chini ya sifuri. Kwa hiyo unahitaji kuzuia upepo, na unahitaji kupumua. Unene peke yake haukupi hata kimoja.

Nilikodi kile kininja pale Moshi. Tulitoka Barafu saa sita usiku. Kitambaa kilikuwa kinene mdomoni na tundu dogo, na pumzi, kwa kukosa pa kutokea, ikapanda juu. Miwani ikawa ukungu mtupu. Mvuke ukalowesha kitambaa, kitambaa kikaganda, nikawa navuta hewa kupitia kipande cha barafu. Juu kule hewa ina oksijeni kama nusu ya iliyopo pwani. Si mahali pa kupunguziwa pumzi na kofia. Nikitaka kukishusha lazima nivue glavu, nikivua glavu vidole vinakufa ganzi, nikikishusha upepo unanikata pua. Nilifika Stella Point, kwenye ukingo wa juu karibu na kilele, mita 5,756, nimeshakasirika kiasi kwamba kuchomoza kwa jua sikukuona sawasawa.

Lakini palepale nilimwona mgeni mmoja mwenye ile skafu ya mrija, Buff, kitambaa chembamba kisicho na mshono. Kwa kidole gumba, glavu ikiwa mkononi, alikuwa anakipandisha puani, anakishusha, anakigeuza sehemu iliyolowa inakwenda kisogoni na sehemu kavu inakuja mdomoni. Nilimtazama njia nzima ya kushuka. Mrija ule peke yake hautoshi kwa upepo wa juu, unapenya. Ila ile namna ya kugeuka ndiyo niliyoitaka.

Nikashuka nikaenda soko la Memorial pale Moshi, kwenye mitumba. Nilipata jaketi la flisi, lile laini linalokauka haraka, kwa elfu tano au sita baada ya kubishana sana, na mirija miwili myembamba kwa bei ya soda chache. Halafu nikaenda kwa fundi cherehani wangu wa siku zote, mama mmoja mwenye subira isiyo ya kawaida. Nikamwambia: mama, nataka kofia moja inayokuwa kofia, kininja, skafu na kofia ya mvua. Akaniangalia, akasema, "Kaa hapo, tuanze na kichwa."

Mshono ndio uliotupa kazi kubwa. Kofia nyingi za kushona zina mshono unaopita katikati ya utosi. Ukivaa hivi hivi huusikii. Weka kilo 20 juu yake uone: unachimba kichwa mpaka unapata kichefuchefu. Tulijaribu mara ya kwanza na mshono wa katikati, nikaenda nyumbani, nikajaza ndoo ya lita 20 maji, kwa sababu lita 20 za maji ni kilo 20 kamili, nikaweka ngata na kuzunguka uani nusu saa. Haikufaa. Fundi akafumua. Akashona tena kwa kipande kimoja kipana kinachotoka paji la uso hadi kisogoni, na mishono miwili pembeni juu ya masikio, ambako ngata haifiki. Nikarudi kwenye ndoo. Majirani walishazoea kuniona. Safari hii sikusikia kitu.

Mdomoni ndiko ninakojivunia zaidi, maana wazo lilikuwa langu. Badala ya tundu tuliweka vipande viwili vinavyopishana, kile cha juu kikifunika cha chini, kama upana wa vidole vinne. Pumzi inateremka katikati yake na kutokea kidevuni. Haipandi kwenye miwani. Nikitaka kunywa maji nasogeza tu cha juu. Kwa ajili ya pua nikachomoa ule waya mwembamba kwenye barakoa ya hospitali, fundi akaufungia kwenye upindo. Unaubana mara moja unakaa na umbo la pua yako. Miwani yangu haijashika ukungu tena tangu hapo.

Kidevuni na kisogoni akashona vitanzi vya utepe, vikubwa kiasi cha kuingia kidole chenye glavu nene. Kitanzi cha kidevu ukikivuta chini uso uko wazi na kitambaa kimekuwa skafu. Ukikivuta juu umefunikwa hadi chini ya macho. Cha kisogoni unakivuta nyuma, kofia yote inaanguka mabegani. Mkono mmoja. Fundi alipendekeza velkro nikakataa kabisa, maana velkro inashika nywele, inashika nyuzi za sweta, na ikiingia vumbi la mlimani haishiki tena. Tukatumia vifungo vya chuma vya kubonyeza.

Sasa mvua. Nilikuwa na mwavuli uliovunjika mbavu zote, umelala nyuma ya mlango. Kitambaa cha mwavuli ni chepesi, hakipitishi maji, na ukikunja kinaingia kwenye kiganja. Tulikikata kikawa kofia ya nje yenye ukingo mdogo mbele na pazia refu la kisogo, inayoshikwa na vifungo vinne juu ya ile ya flisi. Tofauti na nailoni ya yule mzee, hii haikubani kichwani. Pembeni iko wazi, hewa inaingia na mvuke unatoka. Na utosini, pale ngata inapokaa, fundi alishonea kiraka cha jinzi. Jinzi ikilowa inashika zaidi. Mzigo haujaniteleza tena, na nimeshapita nayo ukuta wa Barranco, ule mwamba wa kukwea kwa mikono, ambako ukiteleza hakuna wa kukudaka. Jua likiwa kali Shira navua flisi, navaa mrija kichwani na ile ya mwavuli juu yake, pazia likifunika shingo na masikio.

Kwa fundi nililipa kama elfu kumi, pengine zaidi kidogo ukihesabu na kufumuafumua. Vyote pamoja havifiki bei ya kofia moja mpya ya dukani.

Dada zangu, nywele ni muhimu kuliko mnavyodhani. Nywele za kufungwa utosini zinapendeza lakini huwezi kuweka ngata juu yake. Suka mistari ya kulala inayorudi nyuma, mafundo yote yawe chini ya kisogo. Nilimwona mwenzangu anafumua nywele kambini kwa taa ya kichwa akilia kwa maumivu, na hakuna aliyemwambia mapema.

Mrija wa pili uwe mkavu kila wakati, ukae kifuani ndani ya nguo, si kwenye begi. Ule uliolowa lala nao ndani ya mfuko wa kulalia, joto la mwili litaukausha. Ukiutundika hemani asubuhi utaukuta umekakamaa. Usiku wa kileleni ninapumua kupitia mrija kuanzia mwanzo, hata kabla sijasikia baridi, kwa sababu hewa ya juu ni baridi na kavu na inakwangua koo. Tangu nianze hivyo kikohozi cha baada ya safari kimepungua sana. Wakati wa kuteremka kutoka Stella Point kwenye ile changarawe, vumbi la watu walio mbele yako linakuja lote puani. Lowesha mrija kidogo kwa maji, pandisha, shuka. Maji machache tu, ukiulowesha sana unakuziba pumzi.

Flisi usiipige pasi na usiianike karibu na moto. Jaketi lenye kofia nzuri iliyoshonewa shingoni lisikudanganye: kofia hiyo haizunguki pamoja na kichwa, ukigeuka pembeni unaangalia kitambaa.

Fundi wangu sasa anashonea wapagazi wengine, wanaume kwa wanawake, na yule mzee wa nailoni alimtuma kijana wake aje kuchukua kipimo. Nilifurahi sana. Ya mzee imeshonwa ndefu zaidi shingoni kwa sababu hana nywele za kuijaza nyuma. Nanyi mkienda kupimwa, nendeni na ngata mnayobebea, muiweke kichwani, fundi aichore duara kwa chaki kabla hajakata kiraka cha jinzi. Kila mtu anakalisha mzigo mahali pake. Wangu unakaa nyuma kidogo, na kiraka cha mtu mwingine hakinifai.