Safu ya 73

Mwaka 1998 nilikuwa Chicago, programa katika kampuni ya bima iliyokuwa ikikimbizana na mwaka 2000. Programu zetu za COBOL, lugha ya zamani ya kuandikia programu, ziliandika mwaka kwa tarakimu mbili, hivyo 00 ingeweza kusomwa kama 1900, nasi tulikuwa tukizipanua ziwe nne. Marekebisho tuliyapitisha kwa IEBUPDTE, programu ya IBM ya kubadilisha mistari ya msimbo ndani ya maktaba: ukiipa mstari wenye namba iliyopo, wa zamani unaondoka, ukiupa namba mpya, unaingia mahali pake.

Usiku mmoja kazi ikarudi na kodi 4, namba ya kuonya kwamba kuna kasoro (0 ndiyo salama). Karatasi imejaa malalamiko, mstari baada ya mstari, kwamba mfuatano wa namba umevurugika. Nikazitazama namba: 001200, 001210, 001220. Zinapanda vizuri kabisa! Mwenzangu wa zamu alishaanza kuziandika upya.

Mama mmoja mstaafu, aliyerudishwa kazini kwa sababu anaijua COBOL (mwaka ule waliitwa wengi wa rika lake), akavuta kiti. Hakuanza na kosa. Alianza na herufi tatu za mwanzo wa ujumbe.

"IEB ni programu za kuhudumia faili," akasema. "Ingekuwa IEF, anayesema ni mfumo unaoendesha kazi. IGY ni kompaila, inayogeuza COBOL kuwa lugha ya mashine. Jua kwanza nani anasema. Haya, huyu namba anazitafuta wapi?"

Hapo nikaelewa. IEBUPDTE isipoelekezwa vingine husoma namba kwenye safu ya 73 hadi ya 80, yaani nafasi ya herufi ya 73 hadi ya 80 ya kila mstari, mahali panapofaa programu za asembla, lugha nyingine ya programu. COBOL huziweka safu ya 1 hadi ya 6. Kule kwenye 73 mistari yetu ilikuwa na jina la programu, lile lile kila mstari. Basi ilikuwa ikilinganisha jina na jina, inaona hakuna kinachopanda, na inasema kweli tupu. Sisi ndio tuliokuwa tukitazama upande mwingine wa mstari.

Kwenye amri ya ./ CHANGE tukaongeza SEQFLD=016, yaani anzia safu ya 01, soma herufi 6. Ikarudi kodi 0.

Mama yule hakuridhika na sifuri. Kwake ilimaanisha amri zimetiiwa, basi; miaka yenyewe bado haijathibitishwa. Tukaipitia karatasi nzima, kila PIC 99 ya mwaka (nafasi ya tarakimu mbili) tukiikagua kama imekuwa PIC 9(4) (tarakimu nne), ndipo akakubali tuipeleke kwenye kompaila.