Siku yangu moja kliniki ya uzazi wa mpango

Saa 1 na nusu asubuhi nishafika, naanza na daftari la wanaotakiwa kurudi kesho, kila mmoja namtumia meseji na siandiki jina la dawa wala neno uzazi, maana simu nyingine anashika mume au mama mkwe. Naandika tu "nakukumbusha kesho yetu" basi.

Saa 3 foleni imejaa. Mama wa kwanza kaleta mtoto wa miezi 4 chanjo, hakuja kwangu kabisa. Zamani ningemwambia arudi siku nyingine, na wengi hawarudi, jamani sio ubishi, ni safari ya pili, ruhusa ya pili, na watoto atamwachia nani? Sasa hivi namuuliza palepale, mama, mwingine unamtaka lini? Akacheka, "huyu akishatembea na kuongea kwanza nesi". Tukaanzia hapo.

Saa 5 kaja dada anayechoma sindano ya miezi 3, hedhi imekata, jirani kamwambia damu inajikusanya tumboni, hajalala wiki nzima. Nikamweleza ukuta wa kizazi unakuwa mwembamba kwa hiyo hamna damu ya kutoka, haijajificha popote. Akaniuliza "mbona hamkuniambia mapema?" Iliniuma kwa sababu ni kweli. Aliyeambiwa mabadiliko kabla ya kuanza hashtuki yakija, ambaye hakuambiwa anaacha kimyakimya na hatumuoni tena. Hata kwamba ukiacha sindano, kushika mimba kunaweza kuchukua miezi 10 hivi tangu sindano ya mwisho, nayo nasema mwanzoni.

Mchana nilikula harakaharaka.

Saa 9, binti wa vidonge, anasahau. Peter Gollwitzer, mtu wa saikolojia, aliandika mwaka 1999 kuhusu mipango ya "ikifika hapa nafanya hivi", nami naitumia kila siku, kwa hiyo tukakubaliana akishika mswaki usiku tu, kidonge.

Saa 10 mwingine kaomba njiti, ile ya kuzuia mimba inayowekwa mkononi, itolewe kabla ya muda. Nikatoa leo leo. Huku kumrahisishia mtu njia ya kuingia halafu kutoka unamzungusha, mimi siwezi.

Saa 11 nafunga, yule mama wa chanjo karudi mlangoni, kaongea na mumewe kwa simu, anataka aje naye. Lini? Alhamisi saa 4, kaandika mwenyewe kwenye kadi, mtoto kalala mgongoni.