Baiskeli za wanafunzi Kiteto: breki ya mbele hatimaye imekubali

Imekubali! Baiskeli ya Kijapani iliyovalishwa ringi ya mauntini, yaani ya baiskeli ya milimani, imeteremka kilima cha nyuma ya karakana ikiwa na dumu la maji la lita 20 kwenye keria, nikafinya breki ya mbele peke yake, ikasimama. Kibapa, kile kipande cha chuma kinachoshusha breki ifikie ringi, hakikugeuka. Nimepanda na kushuka mpaka viganja vikauma, na kila nikikagua alama ya chaki niliyochora kwenye uma unaoshika gurudumu la mbele, iko palepale.

Mradi wenyewe ni uleule: tunaokota baiskeli zilizolala kwenye vibaraza vya watu Morogoro na Dar, tunazifufua, zinapanda lori kupitia Dodoma na Kongwa kwenda kwa wanafunzi wa sekondari moja ya kata huko Kiteto, Manyara. Kuna watoto pale wanatembea zaidi ya kilomita 10 kufika darasani. Ada ilifutwa tangu Januari 2016, lakini njia haikufupishwa. Mambo ya kukusanya sitayarudia leo. Leo ni tairi, na breki iliyozaliwa na hilo tairi.

Nyingi tunazopewa ni za mtumba kutoka Japani: fremu ya kike, kikapu mbele, kufuli la pete nyuma, stendi ya miguu miwili. Chuma kizuri, gololi safi, ukiweka grisi zinarudi kama mpya. Tairi limeandikwa 26 x 1 3/8. La mauntini limeandikwa 26 x 1.75. Muuzaji anakwambia yote ni 26, chukua twende. Soma maandishi madogo ubavuni: la kwanza ni 37-590, la pili ni 47-559. Namba ya kwanza ni upana wa tairi, ya mwisho ni kipenyo cha ringi pale tairi linapokaa, zote kwa milimita. Hapo kuna tofauti ya mm 31, na hakuna bisibisi duniani ya kuifuta.

Sasa nenda mnadani Kiteto uulize matairi. Utapata ya aina mbili: 28 x 1½ ya akina Phoenix, Avon na Hero, ambayo ni 635, na 26 ya mauntini. 590 ipo Dar na ipo Zanzibar kwa sababu baiskeli hizi zimejaa huko. Kiteto haipo. Kwa hiyo mtoto anapewa baiskeli nzima shule zinapofunguliwa, mbigiri na miiba ya migunga inafanya kazi yake, ubavu unachanika, na baiskeli inaegeshwa nyuma ya nyumba moja kwa moja. Fundi yupo. Kuna mzee mmoja pale kijijini ambaye namwamkia shikamoo kwa heshima zote mbili, ya umri na ya kazi, maana anapiga tairi mstari kwa jicho tu. Anachokosa ni tairi la kuvalisha.

Wengine waliniambia ninunue 590 za kutosha Kariakoo niwapelekee akiba. Nimekataa. Akiba ikiisha tunarudi palepale, na mzazi wa kule hawezi kumpigia simu mtu wa Morogoro kila mtoto akipata ajali ya tairi. Baiskeli lazima ile chakula kinachouzwa kwao.

Ringi ya 635 haiingii, uma na fremu vinaikataa. Ikabaki 559. Nikakaa na karatasi. Nusu ya 590 ni 295, ongeza tairi la mm 37, unapata 332 kutoka ekseli hadi ardhini. Nusu ya 559 ni 279.5, ongeza tairi la mm 47, unapata 326.5. Baiskeli inashuka kwa mm 5.5 tu! Kwa mtoto mwenye miguu mifupi hiyo ni faida, na tairi pana linatembea vizuri zaidi kwenye mchanga. Madigadi ya Kijapani hayatoshei upana huo, tumeyatoa. Kule kwenye udongo wa mbuga madigadi ndiyo yanayokusanya tope mpaka gurudumu linakwama, kwa hiyo sijayalilia.

Nyuma kazi ni nyepesi. Breki ya bandi inabana ngoma iliyo kwenye habu, kitovu cha gurudumu, haijui ringi ni ya nani. Unafungua spoku, unabaki na habu ileile ya matundu 36, unasuka upya kwa spoku fupi za mauntini. Usikate zile ndefu na kuzichonga nyuzi upya kwa dai, kile kifaa cha kukatia nyuzi. Nyuzi za kiwandani zimefinyangwa, chuma hakijaliwa. Ukichonga unapunguza unene pale ambapo spoku inavutwa zaidi, na itakatikia hapohapo.

Mbele ndiko nilikoteseka. Breki ya mbele ni ile ya mikono miwili inayobana ringi, imefungwa kwa bolti moja kwenye kichwa cha uma. Ringi imesogea chini mm 15.5, raba za breki zimebaki juu zinatazama ubavu wa tairi. Mwanya wa kushusha raba hautoshi hata nusu ya safari. Mafundi wengi waliniambia kwa moyo mweupe: toa hiyo breki, watoto wote huku wanaendesha na moja. Hapana. Bandi ikiingia vumbi inalia, ikilowa inateleza, na njia ya shule ile inashuka korongo mara mbili. Mtoto wa miaka 14 mwenye mdogo wake kwenye keria hashuki korongo na bandi iliyolowa, si kwa baiskeli iliyopita mikononi mwangu.

Dawa ni kibapa: kipande cha flati baa chenye matundu mawili ya mm 6, yameachana mm 16 kati kwa kati. Tundu la juu linashika bolti ya uma, la chini linabeba breki. Kwenye karatasi ni kazi ya dakika. Cha mm 3 kilipinda kwenda mbele, kwa sababu ringi inapobanwa inazivuta raba ielekeako. Cha mm 5 hakikupinda, kikaanza kuzunguka. Bolti ni moja, kwa hiyo ukifinya kwa nguvu kibapa kinalala upande mmoja, raba moja inapanda kwenye tairi na nyingine inachungulia spoku. Niliweka washa ya meno, ikashika siku mbili tatu ikaachia. Nikakaza mpaka bolti ikaanza kulia. Nikabandika kipande cha tyubu katikati kiongeze msuguano, kikawa kibaya zaidi maana mpira unabonyea. Nililala na kitu hiki, niliamka nacho, mke wangu akawa ananiuliza kimeamkaje.

Kilichotibu ni masikio. Kibapa kimechomelewa vijisikio viwili vya flati baa hiyohiyo, kimoja kila upande, vimekunjwa kuelekea nyuma vikaikumbatia miguu ya uma kwa nje. Kikitaka kugeuka kulia, sikio la kushoto linagota kwenye mguu wa uma. Kikitaka kushoto, la kulia linagota. Bolti sasa inashikilia tu, kazi ya kuzuia mzunguko ni ya masikio. Mwanya kati ya sikio na uma usizidi unene wa karatasi ya msasa, ukizidi utasikia breki inagonga kila ukifinya. Fundi wa kuchomelea wa jirani amenitengenezea jigi, yaani kiolezo cha mbao na misumari, sasa vinatoka vyote sawa.

Katika vifaa, nina la kusema. Ile spana ya spoku ya duara yenye matundu ya saizi zote inakula kona za vinati, achana nayo. Nunua ya saizi moja inayokamata pande zote. Spana malaya nayo sitaki kuiona karibu na nati za ekseli. Baiskeli hizi nyuma ni 15, basi, spana moja ya 15 ya ringi inatosha na itamzika mwenyewe. Kila shehena sasa inabeba spana hizo mbili pamoja na tupa ndogo, na vinakaa kwa yule mzee.

Nilipanga wiki hii niwe napaka fremu rangi. Sijagusa rangi. Nilipokuwa napima kwa lile dumu niliinama nikaona keria imepigwa chapa ya 18. Hizo ni kilo! Huko zilikotoka ni mzigo wa haki, begi na mboga. Kiteto dumu moja la maji ni kilo 20, na hakuna anayekwenda kisimani na dumu moja. Kwa hiyo rangi imesimama, na sasa nakunja nondo za mm 8 kutengeneza keria zenye miguu minne inayoshuka mpaka kwenye ekseli. Ya kwanza imebeba madumu mawili bila kuyumba. Ni nzito, najua. Maji ni mazito zaidi.

Kuna kitu nakirudia sana kichwani. Jimbo la Bihar, India, tangu 2006 liliwapa wasichana wanaoingia darasa la 9 rupia 2,000 wakanunue baiskeli wenyewe. Watafiti Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walipima, wakakuta uandikishaji wa wasichana sekondari umepanda kwa asilimia 32. Wanaonisimulia hushangilia hiyo 32. Mimi nashangilia zile rupia: binti alinunua baiskeli ya duka la kwao, yenye tairi la duka la kwao. Sisi fedha hiyo hatuna, tuna baiskeli za watu wenye moyo. Basi tuzibadilishe ziwe za duka la kwao kabla hazijapanda lori.

Zimebaki zile ndogo za inchi 24, za wadogo wa shule ya msingi, ambazo niliziweka pembeni nikijua zina ugonjwa uleule. Leo asubuhi nimepima. Ringi ya Kijapani ni 540, ya mauntini ndogo ni 507. Nusu ya tofauti ni mm 16.5. Kibapa changu ni 16! Nimekifunga kama kilivyo, nikashusha raba nusu milimita kwenye mwanya wake, zimebana ringi katikati. Jumatatu naingia Kariakoo kutafuta ringi za 507. Mwenye duka lenye ringi za matundu 36 za saizi hiyo aniambie mapema, nyingi nilizoziona zina 28.