Kutoka Julai hadi Septemba, kidogo kidogo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno la juma hili ni Kutoka 23:29-30. Mungu amekwisha kuwaahidi Israeli nchi, kisha anawaambia wazi kwamba hatawaondoa wenyeji wake katika mwaka mmoja. Atawaondoa kidogo kidogo, mpaka Israeli waongezeke na kuweza kuimiliki. Sababu anaitaja mwenyewe: wangepewa yote kwa mkupuo, nchi ingebaki ukiwa na wanyama wa mwituni wangewazidi.

Nalileta neno hili sasa kwa sababu tumeingia Julai. Wengi tulitoka kwenye mkesha wa tarehe 31 Desemba na orodha ndefu: kiwanja, ada, kufunga na kuomba, kumaliza Biblia nzima. Leo hatutaki hata kuitazama, na wapo wanaosema bora wangoje Januari nyingine. Ndugu zangu, Julai ni ya Bwana vilevile. Ikiwa yeye aliitoa nchi kwa awamu, kupanga kwa awamu, miezi mitatu mitatu, si upungufu wa imani.

Hapa Dar mwaka wenyewe umegawanyika. Januari ni ada, sare na joto la kaskazi. Machi hadi Mei ni masika. Jangwani pakijaa maji barabara inafungwa, na anayeuza kando ya njia anaweza kurudi nyumbani na bidhaa zake zote. Kuanzia Juni ni kipupwe, mvua zimepungua, riziki inatafutika. Kisha vuli na pilikapilika za mwisho wa mwaka. Hata wafanyabiashara wanaolipa kodi kwa makadirio hulipa kwa awamu nne. Kwa nini basi mtu ajipimie Aprili na Agosti kwa kipimo kimoja?

Chukua mama anayeuza vitumbua Mbagala. Chumba chake ni shilingi 50,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka miezi mitatu kwa pamoja. Akitenga shilingi 2,000 kila siku ya kazi, Jumatatu hadi Jumamosi, kufikia mwisho wa Septemba atakuwa amevuka 150,000. Wakati wa masika hiyo 2,000 ingemshinda, naye angejiona mzembe, kumbe ni mvua tu. Lengo lake la masika lingetosha kuwa kutokopa.

Sasa tusome Kumbukumbu la Torati 16. Mara tatu kwa mwaka Israeli walifika mbele za Bwana: sikukuu ya mikate isiyotiwa chachu, ya majuma na ya vibanda. Zilikwenda na mavuno, shayiri kwanza, kisha ngano, mwisho zabibu. Hakuna aliyeruhusiwa kuja mikono mitupu, lakini kila mtu alitoa kwa kadiri alivyobarikiwa. Hapa ndipo moyo wangu umekaa juma zima. Sisi tukifungua daftari mwisho wa miezi mitatu tunajihukumu; wao waliamriwa kufurahi, wao na watoto wao, na mgeni, yatima na mjane. Uliyekusudia kusoma Injili zote nne ukaishia Marko, mletee Bwana Mathayo na Marko, umshukuru kwa hizo. Luka inaingia robo inayofuata.

Naye Yakobo, katika waraka wake, anapotufundisha kusema "Bwana akipenda", hakatazi kupanga. Anakemea majivuno ya anayepanga kana kwamba kesho ni yake.

Juma hili soma Kumbukumbu la Torati 16:1-17, kisha andika malengo mawili ya kufikia Septemba, moja la nyumbani na moja la kiroho. Yaonyeshe kwa mwenzako mmoja wa jumuiya atakayekuuliza unaendeleaje. Jumapili ya mwisho ya Septemba, Bwana akipenda, tutakula pamoja baada ya ibada, kila mmoja na alichojaliwa. Chini ya malengo yako andika na jina la mtu asiye na ndugu hapa mjini, ambaye utakuja naye.