Nilivyomudu mtumbwi peke yangu ziwani penye upepo

Nilikuwa nimezoea kupiga kafi tukiwa wawili, mwenzangu omoni, yaani mbele, mimi tezini, yaani nyuma. Nilipoamua kwenda peke yangu kwenye ziwa refu la porini, mbali na barabara na mbali na watu, sikuhofia umbali. Nilihofia upepo. Mtumbwi wa watu wawili una urefu wa mita 5 hivi, na mtu mmoja akiketi tezini, omo inabaki hewani. Upepo ukiipata, unaigeuza utakavyo, na hapo nguvu za mikono pekee hazifui dafu. Kwa hiyo nilianza na uzito, kafi likafuata baadaye.

Kiti cha nyuma nilikiacha kabisa. Niliugeuza mtumbwi, iliyokuwa tezi ikawa omo, nikakalia kile kiti cha mbele nikiwa nimegeukia upande wa pili. Kiti hicho kiko karibu zaidi na katikati, maana anayekaa mbele huachiwa nafasi ya miguu. Ila hili lawezekana tu kwa mtumbwi ambao ncha zake mbili zimelingana umbo. Mawimbi yakizidi, sikai tena: napiga magoti juu ya kipande cha sponji, makalio yameegemea ukingo wa kiti, magoti yametanuka hadi karibu na mbavu za mtumbwi. Uzito ukishuka hivyo, mtumbwi unatulia mara moja, unausikia mwilini.

Halafu mzigo. Bendera hufuata upepo, na ncha nyepesi ya mtumbwi ni hivyohivyo: hukimbilia kule upepo unakokwenda. Ukienda kinyume na upepo, omo iwe nzito kidogo, ndipo tezi nyepesi itabaki nyuma na safari itanyooka. Upepo ukitoka nyuma, uzito urudi tezini. Ukipiga ubavuni, ncha zote mbili zilingane uzito. Nilitumia dumu la maji la lita 20, ambalo ni kilo 20, nikilisogeza mbele au nyuma kila upepo ulipobadilika, lakini nilifanya hivyo nikiwa nimeegesha, si katikati ya maji. Ili kujua mtumbwi umekaaje, nilikuwa nikimwaga maji kidogo sakafuni na kutazama yanatiririkia wapi. Jicho hudanganywa na umbo la mtumbwi, lakini maji hayadanganyiki.

Sasa kafi. Ukipiga upande wa kulia, omo inaelekea kushoto, na anayebadilisha upande kila mara anachoka na kulowa. Nilijifunza kumalizia pigo kwa kulirekebisha hapohapo: kafi likishapita nyonga, dole gumba la mkono wa juu linageuzwa chini, kuelekea majini, na uso uleule wa kafi uliokuwa ukivuta maji unayasukuma nje kidogo. Ni msukumo mdogo sana, karibu hauonekani. Wengi wanageuza dole gumba juu na kuliacha kafi liburuzike kama usukani. Mtumbwi unageuka, ndiyo, lakini mwendo unakatika kila pigo. Nilifanya mazoezi kwa kuchagua mti mmoja ng'ambo na kukataa omo iuache. Mwanzoni kifundo cha mkono kiliuma, kisha kikazoea.

Kwenye usalama sibishani na mtu. Jaketi la kuokolea maisha nalivaa na kufunga vifungo vyote kabla ya kuusukuma mtumbwi majini, maana jaketi lililowekwa chini ya kiti halimsaidii aliyekwisha kuanguka. Maji baridi ndiyo yanayonitisha zaidi. Mtafiti wa Kanada, Gordon Giesbrecht, ameyaeleza kwa namba rahisi kukumbuka, 1-10-1: dakika 1 ya kutuliza pumzi zinazokwenda mbio, dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii, na saa 1 hivi kabla ya kupoteza fahamu. Nikifikiria zile dakika 10, naelewa kwa nini filimbi, kisu, kiberiti ndani ya mfuko usiopenya maji na kifaa cha kuomba msaada kwa setilaiti vinatakiwa viwe mwilini mwangu. Upepo huubeba mtumbwi mtupu haraka kuliko mtu anavyoogelea, na vilivyomo vinaondoka nao.

Kabla ya safari niliupindua mtumbwi kwa makusudi, karibu na ufuko, maji yakiwa na joto na mwenzangu akitazama. Lita moja ni kilo moja, na mtumbwi uliojaa unabeba mamia ya lita. Mtu mmoja haunyanyui. Nilifunga mifuko ya hewa kwenye ncha zote mbili ili maji yasipate nafasi ya kujaa, nikaweka kamba ndefu omoni na tezini, nikarudia zoezi la kushika kamba kwanza, kisha kafi, kisha kuogelea nikiuvuta mtumbwi kwenda nchi kavu. Kafi la akiba lilifungwa kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja.

Ziwani kwenyewe nilikuwa naondoka saa kumi na moja alfajiri, kwa kuwa mara nyingi upepo huongezeka jua likishapasha ardhi. Nilifuata ukingo wa ziwa hata pale njia ilipokuwa ndefu zaidi, na ghuba nilizikatiza tu maji yakiwa shwari. Kipimo changu ni povu. Katika kipimo cha Beaufort, kinachopanga upepo kwa nguvu zake, povu jeupe huanza kuonekana hapa na pale upepo ukifika kilomita 12 hadi 19 kwa saa. Likishaonekana kila upande, naelekea nchi kavu, naupandisha mtumbwi, naupindua na kuufunga kwenye mti. Kuna siku upepo haukutulia hadi usiku, nikalala palepale, na ndiyo sababu chakula nakipakia cha siku mbili zaidi ya ratiba.