Pauni, ratili na punda wa Langoni

Nauza viungo hapa Langoni, Lamu, na neno la Kiingereza ninalolipenda kuliko yote ni pound. Mgeni akiniomba pound ya iliki (wenye pesa wapo!) napima gramu 454 hivi, yaani ratili. Ratili tuliipata kwa Waarabu. Pound ya Waingereza asili yake ni Kilatini, pondo, maana yake kwa uzani. Ajabu ni kwamba kifupi chake ni lb, hakina p hata ya dawa. Hiyo ni libra, mizani ya Kilatini, na ile alama £ ni L hiyohiyo.

Pauni ya pesa nayo ilianza kama uzani wa fedha: ratili moja, peni 240. Waingereza walihesabu peni 240 kwa pauni hadi 1971. Babu yangu, kwake pauni ilikuwa shilingi 20 za Kenya, basi, na nguru alimnunua kwa pauni.

Halafu kuna pound ya kutwanga. Hii haina udugu na Kilatini, ni Kiingereza cha kale. Nikiponda mdalasini kinuni natamani kuponda kuwe jamaa yake, lakini wapi! Ponda ni Kibantu chetu, yamefanana tu.

Ya tatu ni zizi la kufungia mifugo iliyozurura. Hilo nalitaka Langoni leo leo, na wa kwanza kuingizwa awe punda wa jirani aliyenilia mchaichai juzi, na gunia lake.