Manjano na mdomo wangu

Mimi ni wa Amu, Langoni, na kwa miaka miwili nlikuwa siwezi kugusa achari. Ndani ya mashavu yote mawili kulikuwa na mistari myeupe imepishana kama uzi wa kofia ya vito, katikati pamechubuka pekundu, hata dawa ya meno ikigusa hapo machozi yananitoka. Nikaambiwa fangasi, nikapewa dawa ya fangasi mara mbili, wapi. Mwisho nkavuka Mokowe nkapanda basi mpaka Mombasa, daktari wa meno akakata kinyama kidogo kikapelekwa kupimwa, jibu likaja laikeni planasi, yaani kinga ya mwili yenyewe ndo inashambulia ngozi ya mdomo. Na haiambukizi jamani, hilo nalisema kwa sababu kuna watu walikuwa hawataki tena kunywa kikombe kimoja na mimi.

Nilipewa jeli ya steroidi ya kupaka, ilisaidia ila nikiacha tu inarudi. Mama kila usiku "mwanangu, kunywa maziwa na manjano", nami nakunywa, lakini mdomo uko vilevile. Kumuuliza daktari akanambia kinachofanya kazi mle ni kurkumini, na manjano ya jikoni yanayo kama asilimia 3 tu, tena utumbo hauifyonzi vizuri. Watafiti wa San Francisco walijaribu miligramu 2,000 kwa siku wasione tofauti na vidonge visivyo na dawa ndani, walipopandisha hadi 6,000 kwa kugawa mara tatu ndo wagonjwa wakapata nafuu, hiyo ilitoka 2012. Piga hesabu, ni kama gramu 200 za manjano kila siku, nani ataweza!

Basi nikatumia kapsuli za kurkumini kwa kipimo alichoniandikia daktari, asubuhi, mchana, usiku, baada ya kula. Siku za kwanza tumbo liliniendesha. Kufika wiki ya pili nikala samaki wa kupaka pilipili ikiwa kidogo, nikamaliza sahani.

Mama akataka naye kwa ajili ya magoti, nikamkatalia kabisa, yeye yuko kwenye dawa ya kuzuia damu kuganda na hivi viwili havipatani.

Wekundu umeisha, mistari bado iko. Kila miezi sita narudi Mombasa anikague, maana kwa wachache hii hugeuka saratani, na safari hiyo siiruki hata bahari ikichafuka.